Meza Kuu Juu ya Nyasi Zangu

Mmeniomba, ninyi vijana wa klabu, niandike jinsi nilivyofika huko nilikofika, mkaniletea daftari jipya na kalamu mbili, kana kwamba mlijua moja itaishia kwa Faustini. Sawa. Mimi nimeishia darasa la nne hapa Singe, Babati, kwa hiyo anayetafuta Kiswahili cha redioni afunge ukurasa akapike. Nitaandika ninavyoongea, na watu nitawataja. Nimesikia Katibu Faustini amewaambia, "Mwambieni Mama Neema aandike mambo ya kujenga." Nitajenga. Naanza na msingi, na msingi ni yeye mwenyewe.

Lakini kwanza mchezo, maana hata ninyi mnaoucheza wapo wanaodhani ni kusukuma tu na kupiga picha. Tufe letu si duara la haki. Upande mmoja limelemea, kwa hiyo ukiliviringisha halinyooki. Linakwenda vizuri, linakwenda, likianza kuchoka linainamia upande wake kama mtu anayetoka kilabu cha pombe. Kazi yako ni lifike karibu na kile kipira kidogo cheupe kinachowekwa mbele kuliko tufe la mwenzako. Wa kwanza kufika pointi ishirini na moja ndiye mshindi. Basi. Watu wa sokoni hadi leo wananiuliza, "Mama Neema, ni kweli ulikuwa bingwa wa kurusha tufe?" Nawaambia kurusha ni kwa watu wenye mabega, mimi nilikuwa naviringisha. Kuna mmoja muuza mahindi aliniangalia juu mpaka chini akasema, "Kwa hiyo mataifa yote yalikusanyika, mkaviringisha." Nikamwambia ndiyo, na wewe jaza debe, unapunja watu.

Uwanja wetu pale kando ya ziwa aliuotesha mzungu mmoja aliyekuwa na shamba upande wa Bonga. Alipoondoka alimwachia Mzee Panga mashine ya kukatia nyasi, ile ya kusukuma kwa mikono, na matufe kwenye sanduku la mbao. Mshahara hakumwachia. Mzee Panga alikuwa Mgorowa asiye na maneno mengi, na aliendelea kukata nyasi kila Jumanne na Ijumaa, miaka na miaka, hakuna anayecheza. Watu wakamwambia, mzee, mzungu ameshakwenda. Akawajibu, "Nyasi hazijakwenda."

Mimi nilifika pale kama kibarua wa kung'oa magugu. Nikaona matufe, nikamwomba nijaribu. Akasema, "Vua viatu." Nikavua. Akasema, "Tembea." Nikatembea. Jioni nikamuuliza, mzee, tufe lini? Akasema, "Bado hujaniambia uwanja unainamia wapi." Wiki tatu alinitembeza peku kama mgonjwa anayejifunza kwenda, mpaka siku nilipomwambia kona ya ziwani imebonyea kidogo, na katikati nyasi ni nzito kwa sababu chini pana unyevu. Hapo ndipo akafungua sanduku. Ninyi leo mnakuja na viatu vya rangi tatu, mnauliza uwanja una kasi gani, mnamwuliza nani? Ulizeni nyayo. Asubuhi umande umeshika, tufe linataka mkono mzito. Saa saba jua limekausha, mkono uleule unalipeleka mferejini, nje ya uwanja. Upepo ukishuka kutoka mlima Kwaraa unalisukuma tufe pale mwishoni tu, linapokuwa halina nguvu ya kubisha.

Na angalieni alama. Kila tufe lina alama kubwa upande mmoja na ndogo upande mwingine, na ndogo ndiyo inaonyesha litainamia wapi. Siku yangu ya kwanza kucheza mbele ya watu, Arusha, nilivaa sketi nyeupe ya kuazima, nimejipaka mafuta mpaka magotini, nikalishika tufe kinyume. Likatoka, likakata kushoto badala ya kulia, likavuka kamba, likaingia kwenye mchezo wa watu wengine na kugonga kipira chao. Wazee wa watu wamesimama na vikombe vya chai hewani. Mzee Panga alikuwa nyuma yangu. Hakupandisha hata sauti. Akasema, "Umeshawasalimia majirani. Sasa rudi nyumbani."

Huyo ndiye mwalimu. Sasa njooni kwa viongozi.

Wachezaji waliongezeka tukawa klabu, na Faustini alikuja tulipoanza kupata mialiko ya nje. Kabla ya hapo tulikuwa hatumjui, na yeye alikuwa hajui tufe lina alama. Mwezi wa tatu akawa katibu. Mwezi wa sita akawa kiongozi wa msafara. Tulipokwenda kwenye yale mashindano ya mataifa niliyorudi na medali, wachezaji tulikuwa wawili na viongozi wanne. Uwanja wa kule ulikuwa kama kioo cha meza. Tufe langu la kwanza, kwa mkono wangu wa nyasi nzito za Babati, lilipita kipira, likapita ukingo wa uwanja, likadondoka mferejini, na mama wa watu niliyekuwa nacheza naye akasema pole. Mchezo ule nilipigwa. Bahati nzuri ulikuwa wa makundi, hautoi mtu. Mchana wakati wenzangu wanakula nikamwomba mtunza uwanja wao, kwa ishara, nitembee peku. Akaniangalia, akaangalia miguu yangu, akacheka, akaniruhusu. Nilitembea mpaka chakula kikaisha. Kuanzia pale sikupigwa tena. Fainali nilicheza na mama mmoja mwenye mvi na miwani, ana tabasamu la mtu anayekuonea huruma kabla hajakuadhibu. Ishirini na moja kwa kumi na nane. Mimi ndiye ishirini na moja.

Faustini wakati huo alikuwa dukani ananunua makoti. Alifika tumeshapeana mikono, ana mifuko minne. Akaniomba medali aishike kidogo kwa ajili ya picha. Nendeni ofisini mkaangalie picha iliyo ukutani. Aliyevaa medali ni yeye. Mimi ndiye yule wa pembeni aliyekatwa bega.

Baada ya miaka miwili mashindano yakarudi, na safari hii tukaambiwa nafasi ya mwanamke ni moja. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na goti la kulia limeanza kulia kila nikiinama. Nilijua kabisa kwamba nikienda sasa nitaitetea medali yangu, na nisipoenda ndiyo basi, sitaiona tena nchi ya watu. Wa kugombea nafasi hiyo tulikuwa wawili, mimi na Regina.

Regina ni shemeji yake Faustini, mdogo wa mke wake. Alipoletwa mara ya kwanza alikuja na viatu vya kuchuchumia na kope za kubandika, nikasema haya, leo tutacheza na mapambo. Nikamvua viatu mimi mwenyewe. Nilimfundisha kwa sababu niliagizwa, na nilimcheka kwa sababu nilipenda. Lakini nitasema kweli hata kama inanikwama: baada ya mwaka mmoja binti yule alikuwa anaachia tufe lisilo na kelele. Linagusa nyasi kama mtu anayeweka yai. Alipenda kulitoa nje upande wa kushoto, mbali kabisa mpaka unadhani amekosea, halafu linarudi taratibu na kukaa pembeni ya kipira. Kila mara njia ileile. Nilikuwa naijua njia yake kuliko njia ya kwenda kwangu.

Mechi ya kumpata mmoja wetu ikapangwa Jumatatu, hapahapa kwetu, na mwamuzi anatoka Arusha. Faustini akaona hapo ndipo pa kufanyia sherehe. Ijumaa nimefika na mashine ya kukatia aliyoniachia Mzee Panga, nakuta vijana wanapakua meza ya mninga kwenye pikapu, wanaielekeza katikati ya uwanja.

Nikamfuata. "Katibu, hiyo meza inakwenda wapi?"

"Hiyo ni meza kuu, Mama Neema. Kesho tuna mgeni rasmi."

"Mwekeni barazani, kuna kivuli."

"Barazani haoni uwanja. Na tunazindua uwanja."

"Uwanja huu una umri mkubwa kuliko wewe. Na umeshauzindua mara mbili."

"Hii ni ya tatu. Kamati imepitisha."

"Kamati gani? Mimi ni mjumbe."

"Ulikuwa na udhuru," akaniambia, na nilikuwa nimesimama mbele yake.

Jumamosi ile, wanangu, niliona mambo. Mahema manne yamefungwa kwa vyuma vilivyopigwa nyundo kwenye nyasi ambazo Mzee Panga, Mungu amrehemu, alikuwa hataki hata kuku apite. Sofa kwa ajili ya meza kuu. Spika kubwa kama kabati. Akina mama wa kamati ya chakula na visigino virefu, kila hatua wanaacha tundu kama wanapanda mahindi. Mbuzi mzima wa kuchoma akaletwa kwa kucheza muziki, amewekwa jani mdomoni, mafuta yanadondoka nyuma yake mstari mzima. Mgeni rasmi alipoombwa afungue mchezo, akalishika tufe, akalipima uzito, akavua koti, akalirusha juu. Likatua kwa kishindo, likazama nusu. Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji akasema mheshimiwa ana kipaji kilichojificha. Mimi nilikaa kwenye kibaraza cha stoo na mpini wa mashine yangu mapajani.

Jioni wamekwenda, Faustini akanijia na karatasi. Mwamuzi wa Arusha alikuwa anataka taarifa ya uwanja iliyosainiwa. Ilikuwa imeshaandikwa, na yeye ameshaweka saini yake. Ilisema kumekuwa na uharibifu mdogo uliosababishwa na viboko kutoka ziwani, kwamba umerekebishwa, na kwamba uwanja umekaguliwa na unafaa.

Viboko ni kweli tunao. Wanapanda kula nyasi zetu, wanaacha nyayo kubwa kama sahani, na Mzee Panga alinifundisha kuziba: udongo wa kichuguu uliochekechwa, changanya na mchanga, lowesha, jaza kidogo, shindilia kwa kisigino, jaza tena, shindilia tena, mara tatu, ndipo urudishe kipande cha nyasi juu. Ukishindilia mara moja tu, juu panaonekana pazuri na chini ni tope la uongo. Viboko nawajua, basi. Nikamwuliza Faustini, "Huyu kiboko mwenye miguu minne ya mraba, mmemtoa wapi?"

"Saini hapo."

"Na huyu aliyekuja na visigino?"

"Mama Neema, unataka mwamuzi afute mechi? Akifuta, kamati inateua bila mechi." Akaniangalia. Tulijua wote wawili kamati ingemteua nani. Nikasaini. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema mimi sijawahi kusema uongo, mwambieni kuna karatasi.

Jumapili nilikuwa pale tangu kengele ya kanisa ya kwanza, peke yangu, na ndoo na chekecheke. Niliziba matundu ya visigino, matundu ya vyuma vya hema, kaburi la tufe la mgeni rasmi. Mara tatu kila moja, kama nilivyofundishwa. Kisigino changu kiliwaka moto. Mwishoni yakabaki manne, ya miguu ya ile meza. Matatu nikayamaliza vizuri.

La nne lilikuwa upande wa kushoto, hatua moja kabla ya pale tunapoweka kipira. Nikasimama na ndoo. Nikaiona njia ya tufe la Regina kama vile mtu ameichora kwa chaki: linatoka nje, linarudi, linapita hapa hapa. Sikupiga hesabu ndefu. Nilijaza udongo mkavu, sikulowesha, sikushindilia, nikaweka kipande cha nyasi juu nikakipapasa kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Nikaosha ndoo. Nikaenda nyumbani.

Jumatatu tulicheza vizuri, hilo siwezi kuliondoa. Kwenye kupasha mwili Regina alitembea uwanja mzima peku, nilivyomfundisha. Mimi nilikuwa navaa bendeji ya goti, sikumwangalia usoni. Alinitangulia tisa kwa tano, nikamkamata, akanipita, nikamkamata. Faustini amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni na ile taarifa mkononi anajipepea nayo. Ishirini kwa ishirini. Tufe langu la mwisho likakaa kama nusu hatua kutoka kwenye kipira, si zuri, si baya. Likabaki lake moja.

Akaliachia. Halikutoa sauti. Likaenda nje kushoto, mbali, likaanza kurudi. Ninyi mtakaocheza mpaka mzeeke mtajua hicho ninachosema: kuna tufe ukiliona linavyorudi unajua limeshafika kabla halijafika. Lilikuwa linakwenda kulala juu ya kipira kabisa. Hatua moja kabla likainamisha kichwa, likakaa.

Mwamuzi akaenda, akachuchumaa, akabonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Akasema, "Hapa pana shimo. Kama uwanja una kasoro, tufe linarudiwa. Mchezaji, unasemaje?"

Regina akaniangalia mimi.

Mwamuzi akageuka. "Katibu, uwanja ulikaguliwa? Hili ni nini?"

Hapo ndipo nilipoona raha ya ajabu na mbaya. Faustini amesimama na karatasi mkononi. Huku shemeji yake, huku saini yake. Akisema ni shimo la meza, basi ameandika uongo kuhusu viboko, na ameiweka meza kuu ya mgeni rasmi juu ya uwanja wa mashindano. Akisema uwanja ni mzima, basi shemeji yake haendi. Mdomo ulifunguka ukafunga kama wa sato aliyetolewa ziwani. Mwisho akasema, "Uwanja umekaguliwa. Unafaa. Taarifa ninayo."

"Basi matokeo yanabaki," mwamuzi akasema.

Regina akaokota tufe lake, akalifuta udongo kwa sketi, akanipa mkono. "Hongera, mama. Nenda ukatuletee medali."

Nilikwenda. Na sitawaongopea tena kwamba niliugua, ingawa ndivyo nilivyosema niliporudi. Mchezo wa kwanza wa mtoano, yule mama wa miwani, miaka miwili zaidi, mvi zaidi. Nilitembea peku mchana kama kawaida na nyayo hazikuniambia kitu. Ishirini na moja kwa tisa. Alinishika bega akaniuliza kitu kwa lugha yao, mkalimani wetu alikuwa Faustini, na Faustini alikuwa dukani.

Taarifa ya msafara ilisema hali ya hewa.

Regina hakugusa tena tufe. Alifungua kibanda cha cherehani karibu na stendi, anashona sare za shule na vitenge, na anashona vizuri, mkono uleule wa kuweka yai. Ninyi mliokuja baadaye hamjawahi kumwona akicheza. Huwa mnaniuliza ni nani mchezaji bora niliyewahi kukutana naye, na mimi nawatajia yule mama wa miwani.

Mwezi uliopita nikanunua kitenge kwa makusudi, nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nishonee sketi."

Akanipima. Kiuno, urefu. Ana pini mdomoni. Nikaona nikingoja atoe pini nitaghairi. Nikasema, "Regina, lile shimo."

Akacheka, akazitoa pini. "Bado unalikumbuka hilo? Mimi nililijua mapema, mama. Nililikanyaga tunapasha mwili, nikasikia pamelegea."

"Ulilijua na ukalipitishia tufe hapo?"

"Nilijiambia nitalipitisha pembeni kidogo. Sikulipitisha." Akaendelea kuandika vipimo vyangu kwenye daftari lake.

"Na mwamuzi alipokuuliza, mbona hukudai?"

"Ningedai vipi? Jumapili ile nilikuwa natoka kanisani, nikakuona umepiga magoti peke yako uwanja mzima, sisi wote tumekula mbuzi, wewe ndiye unaziba. Nikarudi jioni na uji kwenye chupa, nikakuta umeshaondoka. Pale nilipokanyaga nikasema, hapa mikono ya mama ilichoka. Ningedai, Faustini angekufukuza uwanjani siku hiyohiyo, na angefurahi." Akakunja kitenge. "Sketi itakuwa tayari Alhamisi. Unataka mfuko?"

Nikasema ndiyo, nataka mfuko. Nikaenda nyumbani.

Alhamisi nikachukua sketi, imenikaa sawasawa. Sikusema. Ndipo mkaja ninyi na daftari lenu, mkasema kitabu kikishatoka kila aliyewahi kuchezea klabu atapelekewa nakala mkononi. Nikawauliza, kila mmoja? Mkasema kila mmoja, hata walioacha. Kwa hiyo msinifutie hata mstari, na Faustini akitaka kupunguza apunguze kwenye habari za picha yake.

Regina, mikono yangu haikuwa imechoka.